Insha Inaweza Kusubiri: Udahili wa Vyuo vya Marekani Unavyofanya Kazi

Wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kuomba vyuo vya Marekani huwa na swali moja linalowanyima usingizi: insha niandike nini? Swali si baya, ila limewahi mno. Kabla ya insha yapo mawili mazito zaidi. La kwanza, rekodi yako ya masomo inasema nini. La pili, vyuo unavyovitaka vitakugharimu kiasi gani wewe na familia yako, na vina nafasi kiasi gani kwa mtu kama wewe. Anayeyajibu hayo vizuri anaweza kuandika insha ya kawaida tu na akapata chuo kizuri anachokimudu. Anayeyapuuza anaweza kuandika insha ya kuliza watu na bado Aprili ikamkuta mikono mitupu, au ana barua ya kukubaliwa asiyoweza kuilipia.

Kinachochanganya wengi ni kwamba hakuna mlango mmoja wa kuingilia. Marekani haina mtihani wa taifa unaopanga wanafunzi vyuoni, wala mamlaka inayogawa nafasi. Vyuo vinavyotoa shahada ni zaidi ya 3,000, na kila kimoja kina masharti yake, tarehe zake na namna yake ya kuhesabu uwezo wa familia kulipa. Common App, iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na sasa inatumiwa na zaidi ya 1,000, ni fomu ya pamoja tu: unaijaza mara moja, unaituma kwa vyuo visivyozidi 20. Haimchagui mtu wala kumkataa. Na si vyuo vyote vimo. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi tisa za shahada ya kwanza, kina fomu yake, hakitaki barua za mapendekezo kwa kawaida, na badala ya insha moja ndefu kinataka majibu manne mafupi, kila moja lisizidi maneno 350.

Rekodi ya miaka minne

Sekondari ya Marekani ni darasa la 9 hadi la 12, na alama za miaka hiyo ndizo zinazosomwa kwanza. Si alama peke yake. Msomaji wa ofisi ya udahili huangalia ulichagua masomo gani miongoni mwa yale ambayo shule yako inayatoa. Ndiyo maana shule hutuma, pamoja na rekodi yako, waraka mfupi unaoieleza shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani ya kiwango cha juu, alama zake hutolewa vipi. Wanafunzi wengi hawajawahi kuuona waraka huo, nao ndio unaoamua alama zao zisomwe kwa jicho gani. Mwombe mshauri wa shule akuonyeshe. Shule isiyo na somo hata moja la AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, haimwangushi mwanafunzi wake. Lakini mwanafunzi ambaye shule yake inayo mengi naye akapita pembeni ya yote, akakusanya alama za juu kwenye masomo mepesi, atakuwa ameacha swali ambalo hakuna insha itakayolijibu.

Kuhusu wastani wa alama, usijitese kwa kujilinganisha na binamu yako aliye shule nyingine. Kipimo cha kawaida ni 4.0, lakini shule nyingine huyaongezea uzito masomo magumu hadi mtu akawa na wastani unaozidi hapo. Vyuo vingi hukokotoa upya kwa kanuni zao. Aliyesoma nje ya Marekani naye asijibadilishie alama mwenyewe ili zifanane na za Kimarekani. Azitume zilivyo, na chuo kinachotaka tathmini ya shirika la nje kitasema.

Darasa la 11 lina uzito wa pekee kwa sababu ndilo la mwisho kukamilika kabla fomu hazijatumwa. La 12 nalo halijasahaulika: shule hutuma ripoti ya katikati ya mwaka, kisha rekodi ya mwisho baada ya kuhitimu, na chuo kina haki ya kufuta nafasi ya mtu aliyeanguka vibaya baada ya kukubaliwa.

Halafu kuna SAT na ACT, mitihani ambayo vyuo huitumia kuwapima waombaji, eneo ambalo ushauri huchakaa upesi. SAT ina alama kati ya 400 na 1600, hufanywa kwa kompyuta (nje ya Marekani tangu 2023, ndani tangu 2024) na huchukua saa 2 na dakika 14. ACT ina alama kati ya 1 na 36. Vyuo huzichukulia sawa. Jaribu zoezi la kila moja, kisha ushikilie moja. Wakati wa janga la korona vyuo vingi viliufanya mtihani kuwa wa hiari, na tangu hapo vimegawanyika. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kufuata mwaka 2024, ingawa Yale hukubali pia aina nyingine za mitihani. Vyuo vingi sana vimebaki na hiari. Chuo Kikuu cha California hakiangalii SAT wala ACT kabisa katika udahili, hata ukipata alama zote. Kwa hiyo usimsikilize kaka aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Fungua tovuti ya chuo chenyewe.

Hiari hiyo itumie vipi? Chuo hutangaza kiwango ambacho nusu ya wanafunzi wake, wale wa katikati, wamo ndani yake. Alama yako ikiwa ndani ya kiwango hicho au juu yake, itume. Ikiwa chini, kwa kawaida iache. Mwanafunzi aliyetoka shule isiyo na maandalizi yoyote ya mtihani anaweza kuwa na sababu ya kutuma hata iliyo chini kidogo, kwa kuwa inaweza kung'aa ikilinganishwa na za wenzake wa shuleni.

Bei iliyotangazwa na bei yako

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, tena pande zote mbili: wapo wanaokimbia vyuo vilivyokuwa rahisi kwao, na wapo wanaokimbilia vyuo vitakavyowafilisi.

Vyuo kadhaa binafsi vyenye majina makubwa sasa vinatangaza gharama ya mwaka mmoja inayopita dola 90,000, ukijumlisha ada, malazi, chakula na vitabu. Namba hiyo inatisha, na mzazi mwenye kipato cha kawaida huifunga kompyuta hapo hapo. Lakini Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia zenye kipato cha dola 100,000 au chini yake kwa mwaka hazitalipa chochote, na zile za hadi dola 200,000 hazitalipa ada, mradi mali zao ni za kawaida. MIT ilishatangaza sera inayofanana na hiyo Novemba 2024. Kwa familia kama hizo, Harvard inaweza kuwa nafuu kuliko chuo kikuu cha jimbo la jirani, ambacho humtoza mtoto wa jimbo jingine ada ya juu na kumpa msaada kidogo. Tatizo ni kwamba Harvard huchukua takriban waombaji 4 katika kila 100, na vyuo vyenye fedha za kutoa ahadi za namna hiyo si vingi.

Namna ya kujua bei yako ni moja. Tangu mwaka 2011, sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato cha wazazi, akiba na ukubwa wa familia, nacho kinakupa makadirio ya mtakacholipa baada ya ruzuku. Kaeni na wazazi, mkifanye kwa kila chuo kabla hakijaingia kwenye orodha. Ni mazungumzo magumu kwenye nyumba ambamo mshahara wa baba ni siri, lakini yatafanyika tu. Afadhali yafanyike Septemba kuliko Aprili, barua ikiwa mezani. Makadirio hupotoka pale ambapo familia ina biashara yake au wazazi wametengana, hivyo wenye hali hizo waiandikie ofisi ya misaada mapema.

Msaada wenyewe huombwa kwa fomu mbili. FAFSA ni ya serikali kuu, ni bure, na ni ya raia, wakazi wa kudumu na makundi mengine machache. Ndiyo inayofungua ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu zisizorudishwa kwa wenye kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, pamoja na mikopo ya serikali, ambayo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi haizidi dola 5,500. CSS Profile ni ya shirika la College Board, hutakiwa na vyuo kadhaa, vingi vikiwa binafsi, na huchimba zaidi: thamani ya nyumba, biashara, hata mzazi asiyeishi na mtoto. Ina ada, ila familia za ndani zenye kipato cha hadi dola 100,000 husamehewa.

Mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu hana FAFSA, na kwake jambo la msingi ni kama chuo huangalia uwezo wake wa kulipa wakati wa kumchagua. Vipo vichache ambavyo haviangalii kabisa, hata kwa mwombaji kutoka nje, na humpa anayekubaliwa msaada wote anaoonekana kuuhitaji: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Vingine vingi, hata Stanford yenye utajiri wake, huuzingatia uwezo huo. Maana yake ni kwamba ukiomba msaada mkubwa unashindania fungu dogo zaidi kuliko lile linaloonekana kwenye takwimu za jumla. Vyuo vikuu vya majimbo, pamoja na vile vya California, kwa kawaida havina kitu cha maana kwa mgeni. California hata humwongezea asiye mkazi wa jimbo zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Sioni faida ya kijana kulipia fomu za kampasi nne za huko ikiwa familia haina fedha hizo.

Waraka ambao hakuna anayeusoma

Vyuo vingi hujaza kila mwaka waraka uitwao Common Data Set na kuuweka wazi. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye mtandao, utaupata. Ni kurasa za majedwali, zinachosha, na zina thamani kuliko video zote za vidokezo vya udahili ulizowahi kutazama.

Nenda kwenye jedwali C7. Chuo chenyewe kimeweka alama kuonyesha ni mambo gani ni muhimu sana, yapi ni muhimu, yapi huzingatiwa na yapi hayazingatiwi. Kuna mstari wa insha, wa barua, wa usaili, wa kuonyesha nia ya kuja. Mstari huo wa mwisho humshangaza mwanafunzi: vipo vyuo vinavyorekodi kama ulihudhuria kikao chao cha mtandaoni, na vipo ambavyo havijali hata ukilala getini kwao. Upo na mstari wa kuwa na mzazi aliyesoma pale. Amherst iliachana na upendeleo huo mwaka 2021, lakini kwingineko bado upo.

Nenda H6. Hapo utaona chuo kiliwasaidia wanafunzi wangapi wa kutoka nje na kwa wastani wa dola ngapi. Chuo kilichosaidia wageni wanane na kilichosaidia mia mbili vinaweza kuwa na brosha zenye picha zilezile za bendera. H2 nayo hueleza, kwa wenye kustahili misaada ya ndani, ni sehemu gani ya uhitaji wao hulipiwa kweli.

Ukiwa na majedwali hayo na kikokotoo, orodha hujipanga karibu yenyewe. Ningependa iwe na vyuo viwili au vitatu ambavyo alama zako ziko juu ya wanafunzi wao wengi, familia inavimudu, na wewe ungekwenda kwa moyo mweupe. Sehemu ya mwisho ndiyo husahauliwa. Mtu huweka chuo cha akiba anachokidharau, kisha ndicho kinachomkubali. Hivyo viwili vitatu vitafute kwanza, kabla ya vile vya ndoto. Vya ndoto havihitaji kutafutwa, kila mtu anavijua.

Mwenye fedha kidogo asiipite kando njia ya chuo cha jamii: miaka miwili kwa ada ndogo, kisha kuhamia chuo kikuu. Huko California kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, zikiwemo Davis, Irvine na Santa Barbara, hutoa dhamana ya nafasi kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii vya jimbo hilo wanaotimiza masharti yaliyoandikwa wazi. Shahada inayotoka mwishoni haisemi ulianzia wapi.

Kuomba mapema

Tarehe za mapema ni Novemba 1 au 15 kwa vyuo vingi. Za kawaida huangukia mwanzoni mwa Januari. Mpango wa Early Decision, unaotumiwa na Brown, Columbia, Cornell na wengine, unakufunga: ukikubaliwa katikati ya Desemba unakwenda, na maombi yako kwingine unayafuta. MIT hupokea maombi ya mapema bila kumfunga mtu. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hazikufungi pia, ila zinakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi.

Utaambiwa kwamba wanaojifunga hukubaliwa kwa asilimia kubwa zaidi, na takwimu zinaonyesha hivyo. Kumbuka tu kuwa kundi hilo lina wanamichezo walioshazungumza na makocha na watoto wa waliosoma pale, kwa hiyo nyongeza yako wewe ni ndogo kuliko inavyoonekana. Na kwa familia inayohitaji kulinganisha misaada, kujifunga ni kununua mbuzi kwenye gunia. Chuo hukuachia iwapo msaada hautoshi, ndiyo, lakini utakuwa umeona bei moja tu, bila nyingine ya kuilinganisha nayo. Kikokotoo kikikupa makadirio mnayoyamudu wazi, jifunge. La sivyo, subiri.

Fomu yenyewe

Common App inakupa nafasi 10 za shughuli za nje ya darasa, na kila moja maelezo yasiyozidi herufi 150. Wanafunzi wasio na vilabu wala safari za kujitolea huziacha tupu, na huo ndio upotevu mkubwa kuliko wowote ninaouona kwenye fomu. Katika aina za shughuli zilizoorodheshwa mna kazi ya kulipwa na majukumu ya familia. Kumlea mdogo wako kila jioni hadi mama arudi kutoka kazini ni shughuli. Kumtafsiria bibi hospitalini ni shughuli. Kushinda dukani Jumamosi na Jumapili ni shughuli. Andika saa kwa wiki, kama fomu inavyouliza, na useme ulifanya nini hasa. "Nilipika, nilisimamia kazi za shule za wadogo watatu, nilipanga dawa za babu" inamweleza msomaji kwa nini hukuwa kwenye klabu ya mdahalo, bila kuomba huruma.

Insha kuu haizidi maneno 650. Anayeisoma ameshaona alama zako na shughuli zako, hivyo usimrudishie. Mpe kitu ambacho mafaili mengine hayawezi kukionyesha: unavyofikiri, unavyobadili mawazo, kinachokuchekesha. Jambo dogo lenye maelezo ya uhakika hukishinda kifo cha jamaa kilichoelezwa kwa maneno ya jumla. Wala huhitaji msiba. Akili mnemba iache pembeni wakati wa kutunga: kanuni za Common App huhesabu kuwa udanganyifu kuwasilisha kama yako kazi iliyozalishwa nayo. Na mtu mzima anayeisahihisha asiyafute maneno yako. Insha ya mtoto wa miaka 17 inayosomeka kama hotuba ya waziri hutiliwa shaka.

Barua za walimu, kwa kawaida mbili, ziombe darasa la 11 linapoisha, kabla mwalimu hajalemewa. Mchague aliyekuona ukihangaika na somo hadi ukaliweza; yule aliyekupa alama za juu bila kukufahamu hana cha kuandika. Mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi ulizofanya darasani kwake. Fomu itakuuliza kama unaachilia haki yako ya kuzisoma barua hizo, haki iliyowekwa na sheria ya mwaka 1974. Iachilie. Barua ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Ada ya kila ombi mara nyingi ni kati ya dola 50 na 90. Mwenye kipato kidogo huomba msamaha ndani ya fomu hiyohiyo, na vyuo vingi huutoa hata kwa wageni vikiandikiwa barua pepe ya adabu.

Majibu yakija

Majibu ya kawaida hutoka kati ya Machi na mwanzo wa Aprili, na mwisho wa kuamua ni Mei 1 kwa vyuo vingi. Barua za misaada hazifanani. Nyingine huchanganya ruzuku, kazi ya chuoni na mikopo kwenye safu moja, kisha huandika jumla yenye kupendeza. Toa mikopo. Toa na mshahara wa kazi ya chuoni, kwa maana huo bado hujaufanyia kazi. Kinachobaki ukikiondoa kwenye gharama yote ya mwaka ndicho mtakachotafuta kwa mwaka, na kwa miaka minne ni zaidi ya mara nne yake, kwa kuwa ada hupanda. Kama chuo kinachofanana na hicho kimewapa zaidi, au kipato kimeshuka baada ya kujaza fomu, iandikieni ofisi ya misaada mkiambatisha ushahidi. Huo ni utaratibu wa kawaida, si ukorofi, na wakati mwingine hukubaliwa.

Aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri alipe amana ya chuo kingine kabla ya Mei 1, aandike barua fupi ya kuthibitisha nia, kisha aendelee na maisha. Common Data Set huonyesha ni wangapi walichukuliwa kutoka orodha hiyo miaka iliyopita, na kwa vyuo vingine jibu ni sifuri. Mgeni baada ya kuthibitisha hupewa na chuo fomu ya I-20, hati ya kuombea viza, hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha huomba miadi ya viza ya mwanafunzi, F-1. Miadi hiyo huweza kuchelewa kwa wiki nyingi, hivyo vielelezo vya fedha, pasipoti na risiti viwe tayari kabla I-20 haijafika.